Makapu ya magugu maji yanaota ukungu na kulegea, naomba msaada (niko Igombe, Mwanza)

MamaWaMwalo

Habari zenu wadau, mwangaluka kwa wa kwetu. Naomba nielezwe taratibu maana nimeshaharibu sana.

Mimi nilikuwa naishi Dar, Sinza, maisha ya kupanga na kelele. Miaka miwili sasa tumehamia huku Igombe, mume wangu ana mtumbwi wa dagaa na mwenzake, na mimi nipo nyumbani na watoto hapa hapa mwaloni yaani ukifungua mlango unaona maji. Mwanzo nilikuwa naona upweke tu lakini baadae nikaanza kuona vitu. Asubuhi mnandi wamekaa kwenye jiwe wamekunjua mabawa wanajianika, jioni wale wadudu wa ziwani wanainuka kama moshi mbali huko, unajua hata kama hujui chochote kuhusu sanaa mkono unaanza kuwasha unataka kutengeneza kitu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anasuka mikeka Rufiji kwahiyo shazia (sindano ya mikeka) naijua tangu mtoto, ila ukindu huku siupati kirahisi na ninaoupata wanauza bei.

Sasa kilichopo bure ni magugu maji. Yanakuja na upepo yanaziba mwalo, wavuvi wanayalaani, nikasema haya si ndo malighafi. Nikayakata, nikaanika siku tatu juu ya mchanga nikasuka kapu nne. Zilikuwa nzuri siku ya kwanza jamani nikapiga picha nikatuma kila sehemu. Wiki ya pili zimelegea, unaona mwanga katikati ya msuko, mpini ukatoka. Wiki ya tatu ukungu, ule mweupe kwanza halafu wa kijani, na harufu. Dada mmoja wa mjini aliyenunua mbili amenirudishia na nikampa hela yake, haki yake.

Maswali yangu ni mawili. Moja nakosea wapi kwenye kukausha? Pili, hili ndo linaniumiza zaidi, nikiangalia kapu zangu ni kopi ya vitu vya Pinterest, zile za Asia. Hakuna mtu atakayeiona akasema hii imetoka Ziwa Victoria. Nawezaje kutoa kitu chenye sura ya hapa ninapoishi?

---

fundi_wa_Bezi

Dada karibu kwenye kazi. Nimesuka magugu maji miaka sita, nianze na la kwanza kwasababu la pili halina maana kapu ikioza.

Bua la gugu maji ni maji matupu. Kwenye kila kilo 10 unazokata, zaidi ya kilo 9 ni maji yatakayoondoka. Kwahiyo ukisuka likiwa bado na unyevu ndani hata kama nje linaonekana kavu, litaendelea kusinyaa ndani ya msuko, ndo hayo matundu unayoyaona. Na ule unyevu uliobaki ndo chakula cha ukungu. Matatizo yako yote mawili ni tatizo moja, siku tatu hazitoshi kabisa. Mimi naanika siku 8 mpaka 10 kiangazi, na mvua zikiwepo hata wiki tatu.

Jinsi ya kujua limekauka, usiangalie rangi. Shika fungu la mabua ulitikise karibu na sikio, likikauka linalia kama majani ya mahindi makavu. Halafu chukua moja ulikunje pale lilipokuwa nene karibu na mzizi, pale pana vyumba vingi vya hewa kama sponji na ndo panakauka mwisho. Ukisikia ubaridi ukiliweka shavuni, rudisha juani.

Kosa lingine ni mchanga. Mchanga wa mwaloni una maji chini yake, unaanika juu jua linakausha upande mmoja, chini kunapanda unyevu. Tengeneza kichanja, hewa ipite chini na juu. Na kila jioni kabla ya umande kushuka ingiza ndani au funika, usiku mmoja wa umande unakurudisha siku mbili nyuma.

Na ukate mabua marefu tu. Yale yaliyobanana kwenye zulia nene yanarefuka kutafuta jua, unapata mpaka mita nzima, hayo ndo ya kusuka. Yale ya pembeni yanayoelea peke yake ni mafupi yana tumbo, yaache. Na hiki kigugu kingine kipya chenye majani madogo madogo kilichowasumbua watu wa vivuko Kigongo na Busisi mwanzoni mwa 2025 kabla daraja halijafunguliwa, hicho hakina bua usijisumbue nacho.

---

Mwana_Kirumba

Kwanini ahangaike na magugu maji wakati matete na mafunjo yapo kibao. Mafunjo ni magumu, hayaozi haraka, wazee wanafanyia mikeka na kuezekea tangu zamani. Kata mafunjo mama.

---

BibiWaUkerewe

Mwanangu Kirumba hapana. Samahani naingia kwa nguvu kidogo, naandikiwa na mjukuu lakini maneno ni yangu.

Mafunjo ndo nyumba ya samaki. Samaki wadogo wanajificha humo, kamongo yuko humo, ndege wako humo, na udongo unaotoka mashambani unakamatwa na mizizi yake kabla haujaingia ziwani. Sisi zamani tulikuwa tunakata kwa zamu, huku mwaka huu, kule mwaka ujao, na tulikuwa wachache. Sasa hivi kila mtu anakata, anachoma, analima mchicha mpaka majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yenyewe inakataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na BMU (wale wa kikundi cha kulinda mwalo na uvuvi) wakikukuta unafyeka mafunjo wana haki ya kukuuliza. Kijiti kimoja kimoja cha kazi ya mkono omba ruhusa, utapewa, ila usimwambie mama kijana aende na panga.

Gugu maji ni tofauti, ni mgeni, asili yake Amerika ya Kusini, limeingia ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1980 nikiwa na watoto wadogo. Mara ya kwanza tulilipenda, lina ua zuri la zambarau, watu walipeleka majumbani kwenye ndoo! Baadae mtumbwi unashindwa kutoka. Hilo likate mwanangu mpaka uchoke. Ila mizizi na majani unayobakiza usirudishe majini hata kidogo, na maua yaliyofunga mbegu yafukie mbali na maji, mbegu zake zinaweza kulala miaka mingi kwenye tope halafu zikaamka.

Na mama Igombe, unaingia majini na nini miguuni? Kichocho kipo ziwa hili, na konokono wanaokibeba wanapenda hapo hapo kwenye majani yaliyotulia. Vaa gambuti na glavu, vuta kwa upondo au reki ukiwa kwenye mtumbwi au juu ya jiwe, usisimame majini saa nzima. Nenda ukapime wewe na watoto, dawa ipo. Mdogo wangu alikaa na kichocho miaka bila kujua.

---

Mwana_Kirumba

Bibi nimekuelewa shikamoo. Sikujua hiyo ya mita 60, nilikuwa naona watu wanakata tu.

---

BibiWaUkerewe

Marahaba mwanangu.

---

jaduong_dunga

Habari ndugu zangu wa Mwanza, mimi niko upande wa Kenya, Kisumu, hapa Dunga. Ziwa ni moja na shida ni moja, huku hiyo mmea imefanyiwa kazi kitambo, viti, kadi, vikapu, karatasi.

Naongeza kwa yale fundi amesema. Ikishakauka vizuri usisuke hivyo ikiwa kavu kabisa itavunjika. Chukua kitambaa chenye maji kidogo, zungushia hizo stems unazotaka kutumia asubuhi hiyo tu, nusu saa inatosha, zinakuwa laini kama ngozi. Usizamishe ndani ya ndoo, zikinywa maji umerudi mwanzo. Kisha pitisha chupa ya soda juu yake ukibonyeza zilale flat. Suka tatu tatu ndefu kwanza kama nywele, halafu hiyo kamba ndio unajengea kikapu juu ya ndoo au kreti iwe umbo, ukishona kwa uzi wa katani. Kikapu cha msuko wa moja kwa moja kinalegea kwa urahisi zaidi.

Ukimaliza rudisha juani siku mbili tena. Vanishi ya maji, nyembamba, ndani na nje. Kuvu ikishika kidogo, brashi kavu, kitambaa cha siki, jua. Na usimpakie mteja kwa mfuko wa nailoni, kwa nailoni inatoa jasho, tumia gazeti au kitambaa.

Kitu ingine, hii mmea inanyonya uchafu wa maji hata madini nzito, ndio sababu watu wengine huitumia kusafisha maji taka. Kwa hivyo usivune karibu na mfereji wa mji ama kiwanda, na usiwaambie watu waweke chapati ndani. Nguo, barua, maua, sawa.

Hiyo swali ya pili ndio tamu lakini wacha wengine waseme kwanza.

---

MamaWaMwalo

Asanteni sana, nimesoma mara tatu. Bibi shikamoo, nimeogopa kweli hiyo ya kichocho kwasababu nimekuwa naingia mpaka kiunoni na kanga. Tunaenda kupima wiki hii wote.

Nina wazo nataka mniambie kama ni la kijinga. Hapa mwaloni kuna vichanja vya dagaa, virefu, wavu umetandazwa, hewa inapita chini kama fundi alivyosema. Siku za giza vimejaa dagaa hupati hata nafasi ya kuweka kijiko. Lakini siku za mbalamwezi mitumbwi haiendi, taa haziwezi kushindana na mwezi dagaa hawakusanyiki, kwahiyo vichanja vinakaa vitupu wiki nzima na zaidi, na baba watoto yupo nyumbani pia mikono miwili ya ziada. Je nikipanga kazi yangu hivo, nikate mwezi unapoanza kukua, nianike mbalamwezi, nisuke wakati wa giza wakati yeye yuko ziwani usiku na watoto wamelala?

---

fundi_wa_Bezi

Dada hilo wazo limenisimamisha, miaka sita naishi na vichanja pembeni sijawahi kulifikiria. Limekaa sawa kabisa, kukausha kunahitaji siku 8 mpaka 10 na mbalamwezi inakupa karibu hizo hizo.

Tatizo moja tu, harufu. Gugu maji kavu linavuta harufu kama pamba. Ukianika juu ya wavu ulioanikwa dagaa jana, kapu lako litanuka dagaa mpaka kwa mteja Arusha na paka watalila. Tandika kitu katikati, wavu mwingine msafi au mafungu ya nyasi kavu, na kwanza mwagia kichanja maji uache jua likipige siku nzima. Na ongea na mwenye kichanja mpe kapu moja, mambo yatakwenda.

---

Malimbe_sanaa

Niingie kwenye swali la pili maana ndo ninaloishi nalo, mimi nachora na kuchonga, niko Malimbe.

Dada umeandika mwenyewe jibu kwenye posti yako ya kwanza na hujaliona. Mnandi aliyekunjua mabawa juu ya jiwe. Wadudu wanaoinuka kama moshi. Hakuna mtu wa Pinterest ana hivyo. Shida yetu ni tunaangalia ziwa kwa macho tukitengeneza tunaangalia simu.

Ninavyofanya mimi ni hivi, nachukua kitu kimoja tu na nakaa nacho mwezi mzima. Mwaka jana ilikuwa mjusi wa mawe, yule dume mwenye kichwa na kifua cha rangi ya waridi halafu mwili wa bluu, utamkuta anapiga push-up juu ya mawe hapa Mwanza kila kona. Nilikaa juu ya jiwe asubuhi saa tatu wakati wanatoka kuota jua nikamwangalia. Unajua nilichojifunza? Zile rangi mbili hazikutani kwa mstari, zinaingiliana kwa madoa madoa pale mabegani. Nikaiga hilo kwenye kuchonga trei, waridi inaingia kwenye bluu kwa madoa, hakuna mjusi kwenye trei kabisa, lakini mtoto wa jirani akaiona akasema "hii ni mjusi". Nilifurahi siku nzima. Ndicho unachotafuta dada. Ukichora samaki juu ya kapu kila mtu ameshachora samaki. Chukua tabia yake, mpangilio wake.

Wewe mke wa mvuvi wa dagaa, ukisimama mlangoni usiku wa giza unaona nini? Taa. Mstari wa taa mbali kwenye maji meusi, nyingine zimekaribiana nyingine iko peke yake, na chini ya kila taa kuna mstari wake unaotetemeka majini. Hilo ni kapu. Kapu jeusi, vifundo vya njano visivyolingana umbali, na chini ya kila kifundo uzi mmoja unaoshuka. Ukivipanga sawa sawa umeliua, taa za dagaa hazijawahi kukaa sawa sawa.

---

BibiWaUkerewe

Kijana wa Malimbe umesema vizuri mpaka nimemwambia mjukuu asome tena.

Nyeusi naijua mimi. Usinunue rangi ya dukani, inachuja jua likipiga. Sisi tulikuwa tunafanya hivi kwa nyasi za vikapu: unachemsha magome ya mgunga mpaka maji yawe kama chai ya rangi iliyokolea sana, unaloweka nyasi usiku mmoja, halafu unazika kwenye tope jeusi la bondeni siku mbili. Ukitoa ukaosha ni nyeusi kama chungu. Mjukuu ananiambia shuleni wamefundishwa ni chuma kilichoko kwenye tope kinashikana na ule ukali wa magome. Sawa. Kama huna tope, misumari yenye kutu ya mitumbwi iliyovunjika, loweka kwenye siki wiki moja, tumia yale maji kidogo sana. Usizidishe, chuma kikizidi nyasi zinakatika baada ya mwaka. Na magome chukua kwenye tawi lililokatwa kwa kuni usimchubue mti uliosimama.

Njano ni binzari lakini inafifia, nakwambia ukweli. Weka shabu kidogo kwenye maji ya kuchemshia inashika zaidi.

Paka rangi mabua KABLA ya kusuka halafu kausha tena upya, mbalamwezi nyingine hiyo.

---

jaduong_dunga

Sasa nirudi. Hapo kwa mpini uliosema unatoka, tumia ngozi ya samaki. Sangara wenu huku tunaita mbuta, viwanda vinatoa minofu na ngozi zinabaki. Unakwangua nyama yote, unaloweka kwa maji ya chokaa magamba yatoke, unaosha sana, kisha kwa maji ya magome hayo hayo ya bibi, mepesi kwanza halafu unaongeza ukali kila siku, kama wiki mbili. Usianze na makali, itakakamaa nje na ndani ibaki mbichi ioze. Kila siku igeuze. Ikikauka ipake mafuta uifikiche kwa mkono mpaka ilainike. Ule mpangilio wa mifuko ya magamba unabaki, ni pambo tayari hakuna mashine inaweza kuiga vizuri. Na harufu huisha, watu hawaamini lakini huisha ukikwangua mafuta yote.

Ukikutana na mtu anakuambia tumia kemikali ya kromu ni haraka, ni kweli ni haraka lakini yale maji utayamwaga wapi? Mlango wako unafunguka kwa ziwa.

---

Mwana_Kirumba

Mimi sijui kusuka ila nasema kuhusu kuuza. Usianze kupeleka mjini kapu 20. Peleka 3 nzuri. Na waambie watu zimetengenezwaje, hiyo hadithi ya kuanika mbalamwezi na kusuka giza mimi ningenunua kwa hiyo peke yake. Makoroboi pale jina lenyewe limetokana na mafundi waliokuwa wanatengeneza koroboi kwa makopo, watu wa mji huu wanaelewa kitu cha mkono kilichotoka kwenye kilichotupwa. Na hesabu mda wako jamani, kina mama wengi wanauza kapu elfu 10 limekula siku nne.

Nenda pia Bujora, Makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, njia ya Musoma. Uone vyungu, vibuyu, ngoma za watemi na lile jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Sio ukopi, uone tu watu waliokaa hapa kabla yetu walivyotazama vitu. Ukienda mwezi wa sita wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, utakuta na ngoma za Bagika na Bagalu, yale makundi mawili yanayoshindana kucheza.

---

MamaWaMwalo

Narudi baada ya wiki saba, samahani nilikuwa kimya nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Tumepima, mimi na mtoto wa pili tulikuwa nacho, tumepewa dawa. Bibi Ukerewe Mungu akuweke, sina la kusema zaidi.

Mbalamwezi ya kwanza nilianika siku tisa, mwenye kichanja alikubali kwa kapu moja kama fundi alivyosema. Nilitandika wavu wa zamani wa baba watoto niliofua kwa sabuni. Yalilia kama mahindi kweli! Mbalamwezi ya pili nikakausha yenye rangi. Nyeusi imetoka kwa tope la bondeni, sio nyeusi ya chungu bado, ni kama kahawa iliyoungua, lakini usiku kwenye ziwa sio nyeusi tupu pia kwahiyo nimeiacha hivo.

Giza lililofuata nikasuka. Nilikuwa natoka nje kila usiku naangalia taa nahesabu, narudi ndani nafunga vifundo. Usiku wa tatu taa moja ilikuwa mbali sana na wenzake upande wa kushoto na nilijua ni ya kwetu kwasababu ya mwanga wake unaocheza, betri yake imechoka. Nimemweka. Kuna kifundo kimoja kiko peke yake kwenye kapu na uzi wake umeshuka mpaka karibu na kitako. Aliporudi asubuhi nikamwonyesha hakusema kitu, alikiweka kidole juu yake tu.

Hilo siuzi. La pili nimeanza, nataka nijaribu mnandi, ile zigizaga ya mabawa. Swali dogo: nyeusi ya tope inaniachia vumbi vidoleni hata baada ya kuosha mara mbili, ni kawaida?

---

BibiWaUkerewe

Ni kawaida mwanangu. Osha mara ya tatu kwa maji ya majivu mepesi sana halafu maji matupu, kausha kivulini. Likiendelea futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi kabla ya kusuka. Na tuma picha ya lile la taa, mjukuu anataka kuliona.